Muulize Fundi: Injini inanguruma, umeme hauji

SWALI: Shikamoo fundi. Nina saluni ya kiume hapa Tandika. Jenereta yangu ya petroli sijaiwasha karibu mwaka mzima. Juzi umeme ulipokatika nikavuta kamba, ikawaka mara moja na inanguruma vizuri, ila mashine ya kunyolea kimya, taa kimya. Jirani anasema petroli imepoteza nguvu kwa kukaa, ndiyo maana haitoi umeme. Ni kweli?
Kinyozi, Tandika

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani yako kakosea. Petroli mbovu ingekunyima injini yenyewe. Kazi ya petroli ni kuzungusha ekseli, basi. Umeme unazaliwa kwenye sumaku na shaba.

Unaikumbuka dinamo ya baiskeli? Ndani yake sumaku inazunguka karibu na waya wa shaba uliosukwa. Ukisimama taa inazimika, ingawa sumaku ipo na waya upo. Hilo ndilo Michael Faraday aliliona London mwaka 1831: sumaku ikitulia ndani ya koili hupati kitu, ikisogea mshale wa kipimo unaruka. Ncha ya kaskazini ikipita mbele ya waya, umeme unasukumwa huku. Ikifuata ya kusini, unasukumwa kule. Ndiyo maana tunauita mkondo geu. Jenereta nyingi za ukubwa wa yako zina ncha mbili: zikizunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde, unapata hezi 50, sawa na umeme wa nguzo. (Mitambo tisa ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji, kila mmoja megawati 235, inazunguka taratibu zaidi, lakini ina ncha nyingi, hivyo hesabu inarudi 50 ileile.)

Sasa ugonjwa wako. Jenereta kama hiyo kwa kawaida haina sumaku ya kudumu kama dinamo. Rota yake, yaani sehemu inayozunguka, ni chuma kilichosukiwa waya, kinachogeuka sumaku kikipelekewa umeme kidogo kupitia kaboni (vipande vidogo vinavyoigusa rota ikizunguka), umeme ambao jenereta yenyewe imeuzalisha. Utaniuliza, ule wa kwanza kabisa unatoka wapi? Chuma hubakiza usumaku kidogo tangu kilipotumika mara ya mwisho, kama kaa la moto chini ya jivu. Jenereta ikikaa mno, kaa linazimika. Nahisi ndicho kilichokupata.

Usiifungue mwenyewe. Nenda mtaa wa Gerezani, hapo Dar es Salaam, mafundi wapo. Akague kaboni kwanza, maana zikiisha au zikikwama matokeo ni hayohayo. Kisha aamshe sumaku kwa betri ya volti 12, sekunde chache, chanya kwa chanya, AVR (kifaa kinachodhibiti volti za jenereta) ikiwa imechomolewa. Mimi niliwahi kusahau kuichomoa, nikaunguza AVR ya mteja na nikailipa. Fundi akikwambia lazima asuke koili upya kabla hajapima chochote, beba jenereta yako uondoke.

Ikipona, iwashe kila mwezi na uipe mzigo. Ukichomeka pasi utasikia injini inaguna: umeme unaotoka kwenye koili unaizuia sumaku isizunguke, na petroli ndiyo inayolipa. Hapo jirani yako alikaribia ukweli. Ila iweke nje, mbali na mlango wa saluni. Moshi ule unaua.