Mama yuko kwenye kemo, atembee au alale?

SWALI: Dada muuguzi, mama yangu ana saratani ya matiti na amemaliza dripu ya tatu ya kemo, yaani dawa za kuua saratani. Anachoka mno. Ndugu wamemkataza kushika hata ufagio, eti akitembea damu itakwenda mbio na kuisambaza saratani. Jirani naye kaleta unga wa mizizi wa kurudisha nguvu. Nifanyeje?

JIBU: Mruhusu mama atembee. Hilo la damu kwenda mbio nalisikia karibu kila wiki, na kila nikilisikia roho inaniuma, kwa kuwa nimewaona wanaolipia imani hiyo. Saratani haisambazwi na matembezi.

Kinachowapotosha ndugu ni neno uchovu. Wanaudhani ni ule wa mtu aliyelima kutwa, ambao usingizi mmoja unauondoa. Uchovu wa kemo hauko hivyo: mgonjwa analala saa kumi na bado anaamka hoi. Kisha kulala kwenyewe kunakula misuli, misuli ikipungua hata kwenda chooni kunakuwa safari, naye anazidi kulala. Wengine wanafika dripu ya mwisho hawawezi kuinuka kitini bila kushikwa, na familia inailaumu dawa peke yake.

Aanze na dakika 5 au 10, mara mbili kwa siku, kwa mwendo wa kumwezesha kuongea bila kuhema. Wengi tunawalenga wafike dakika 30, mara 3 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara 2: kuinuka na kuketi kitini, kusukuma ukuta kwa mikono. Siku mbaya baada ya dripu, kuzunguka chumbani kunatosha.

Kabla ya hapo muulize daktari wake kuhusu moyo, mifupa na majibu ya damu. Saratani ikiwa imeingia kwenye mifupa, au chembe sahani (zile za kugandisha damu) zikiwa chini ya 50,000 kwenye majibu ya damu, kunyanyua vizito hapana. Kama nyayo zina ganzi, avae viatu vilivyofungwa na awe na mtu karibu. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au mguu mmoja ukivimba, aache na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa huo unga. Hapa sitaki kupepesa maneno. Dawa nyingi za kemo huvunjwavunjwa na ini, na mizizi isiyojulikana inaweza kulidhuru ini hilo au kubadilisha kiwango cha dawa kilichomo mwilini. Anayeuuza hajaona majibu ya damu ya mama yako, na usiku wa manane joto likipanda hutampata.

Na joto ndilo ningependa ndugu zako walihofie, badala ya ufagio. Kwa dawa nyingi za kemo, chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Kipimajoto kikisoma nyuzi 38, msimpe parasetamo mkasubiri asubuhi, maana inashusha joto huku maambukizi yakiendelea. Pigeni simu wodini, mwondoke kwenda hospitali. Tunawapokea waliokunywa mitishamba siku mbili wakisubiri homa ishuke, na wapo ambao hatukuweza kuwaokoa.

Kama mama ameshaunywa huo unga, usifiche. Njoo nao na kopo lake kliniki. Hatutamgombeza, tunahitaji tu kujua ni nini kimeingia mwilini kabla ya kumtundikia dripu ya nne.