Pampu ya tangi la matumbawe: mie lita zilinidanganya

Kuna kijana wa Wete, Pemba, kanitumia meseji juzi usiku, "Kaka nimepata tangi la lita 60 nataka niweke matumbawe, kuna pampu naiona imeandikwa lita 3000 kwa saa na bei yake poa, nichukue?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana meseji hiyo miaka mitatu nyuma ningeiandika mie mwenyewe neno kwa neno, mpaka hiyo "bei poa".

Basi namjibu hapa hapa maana najua mko wengi mnaotaka kipande cha bahari sebuleni wakati bahari yenyewe iko hapo mlangoni. Na mie ni hivyo hivyo, tusichekane.

Tangi langu la kwanza lilikuwa lita 60 hizo hizo, hapa Mwanakwerekwe, Unguja, pembeni ya tivii. Matumbawe laini nilipewa vipande na rafiki yangu, yeye yalishamjaa tele kwake (habari za kwenda kung'oa kwenye mwamba usinitumie, sitakujibu). Pampu nikanunua duka moja mjini, muuzaji kanambia hii lita 2500, hii kubwa, utaringa. Nikaringa kweli, wiki nne nzima naalika watu waje waone.

Wiki ya tano mchanga chini ya pampu ukawa rangi ya chai ya rangi. Nikaitoa nikaifungua, kile kijiti cha katikati kinachobeba panga la ndani ni chuma kitupu, kimekula kutu mpaka kimevimba, panga linazunguka kwa kusuasua linagongana kama meno ya mtu wa homa. Kumbe ile ni pampu ya chemchemi za bustani, zile za kurusha maji mahotelini, haijatengenezwa kukaa kwenye chumvi hata siku moja. Na kutu yote ile ishaingia majini. Tumbawe langu la vidole, lililokuwa linapunga mchana kutwa, likajikunja likawa kama tangawizi iliyosahauliwa jikoni. Nilipomrudia muuzaji kanijibu, "Chumvi si umetia mwenyewe?" Mbele za watu. Mpaka leo nikipita barabara ile naangalia upande wa pili.

Kwa hiyo la kwanza, muulize muuzaji kama inafaa maji ya chumvi, na kijiti kiwe cha seramiki. Akibabaika ondoka.

Ya pili nikajifanya mjanja nikachukua yenye nguvu zaidi, wati 38, ya kutoa maji kwa mdomo mwembamba. Hapo ilikuwa Februari, kaskazi imekaza, feni ya juu yenyewe inapuliza moto. Sasa nisikilize vizuri hapa, wati za pampu iliyozama haziendi popote, karibu zote zinaishia kuwa joto humo humo ndani ya maji, na lita 60 ni maji kidogo sana. Nimetia hita bila kujua. Kipimajoto kikasoma 31, na matumbawe yanapenda 25 mpaka 27 hivi. Na ule mdomo mwembamba ulikuwa unalipiga tumbawe gumu moja nililokuwa nalo sehemu moja usiku na mchana, nyama ikabanduka ukabaki mfupa mweupe ukubwa wa sarafu, kesho yake ukubwa wa kifuniko cha soda. Nilikuwa nasimama pale na mswaki mdomoni naliangalia.

Aliyeniokoa si fundi wala video, ni mama. Mama yangu analima mwani Paje, ameanza zamani tangu kilimo kile bado kichanga. Kaja mjini kwa shughuli ya harusi, kakaa mbele ya tangi na kikombe chake cha chai, kimya, halafu kasema, "Mwanangu, hapa maji yanakimbia, lakini kule nyuma ya jiwe yamelala." Mie nikaanza kumwelezea lita kwa saa. Hata hakunisikiliza. Kasema mwani ukiufunga penye maji yaliyolala, siku za maji mafu, bahari haiendi wala hairudi sana, unaota utelezi na uchafu unaukalia, mpaka bamvua, yale maji makubwa, lije liuoshe. Nikatia unga kidogo wa chakula cha samaki nikaangalia unakwenda wapi. Wallahi nusu yake ilienda kutua nyuma ya lile jiwe, na nilipolinyanyua chini mchanga mweusi, unanuka yai viza.

Miezi yote ile nasoma boksi badala ya kuangalia maji!

Ndiyo nikaelewa pampu za panga pana, zile za kutengeneza wimbi, zinazosukuma maji mengi taratibu kwa upana. Hesabu yenyewe nyepesi, kwa matumbawe laini chukua lita za tangi zidisha kati ya 10 na 20, yaani kwa lita 60 ni 600 mpaka 1200 kwa saa. Matumbawe magumu yanataka zaidi, 30, 40, lakini wewe wa Wete ndio kwanza unaanza, wacha kiherehere. Hiyo 3000 itakuhamishia mchanga wote kona moja. Ukipata mbili ndogo zikae pande mbili zikutane katikati ni bora kuliko moja kubwa, na moja iinue kidogo uso wa maji ucheze, hapo ndipo hewa inapoingilia.

Na umeme, ndugu zangu. Sisi tuliokaa giza Unguja karibu miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hatuhitaji kufundishwa. Maji ya moto yanabeba hewa kidogo, pampu ikisimama usiku asubuhi unaokota waliokufa. Yangu sasa ni ya volti 12 ya kupunguza na kuongeza kasi, wati 10, nimeiunga na betri niliyoitoa kwenye UPS mbovu, kile kiboksi cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika, umeme ukikatika nairudisha kasi ya chini na inanivusha mpaka alfajiri. Ila angalia kabla ya kuunga, nyingine ni volti 24.

Kila mwezi naizamisha kwenye siki na maji nusu kwa nusu kama saa moja, nasugua, basi. Niliwahi kufanya uvivu nikaacha kuisafisha, nguvu ikashuka kidogo kidogo wala sikujua.

Mama kaja tena Ijumaa iliyopita. Kavuta kiti, kaangalia kwanza nyuma ya jiwe. "Sasa yanakwenda," kasema. Halafu kaweka miwani vizuri, "Lakini samaki wako huyu mbona humlishi?"