Vidonge vya kuchelewesha hedhi havikukingi na mimba

Dada, umeuliza hivi: ulimeza vidonge vya kuchelewesha hedhi kwa ajili ya harusi, mkakutana na mumeo bila kinga, sasa umeviacha na siku zako hazijaja. Je, inaweza kuwa mimba? Ndiyo, inaweza. Inaweza pia isiwe, kwa hiyo usijiumize roho kabla hujapima.

Nimevitumia vidonge hivi zaidi ya mara moja, vile vya norethisteroni miligramu 5. Daktari aliniandikia kimoja mara tatu kwa siku, nianze siku 3 kabla ya tarehe ya hedhi. Lakini kwanza aliniuliza kama nimewahi kupata damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu, kama nina ugonjwa wa ini, kama huwa natokwa na damu isiyojulikana chanzo. Mwisho akauliza lini nilikutana na mume wangu, akanipa kikopo cha mkojo. Wakati ule niliona ananichelewesha. Leo nasema anayekuuzia vidonge hivi bila kukuuliza hayo hakutendei haki.

Sababu ni hii. Yai likishapevuka na kutoka, mwili hutengeneza homoni ya projesteroni inayoushikilia utando wa mji wa mimba. Homoni ikishuka, utando unabomoka na damu inatoka. Kidonge kinachukua nafasi ya homoni hiyo, utando unabaki mahali pake. Basi. Sasa hesabu mwenyewe: unapoanza kumeza siku 3 kabla ya hedhi, yai lilishatoka kitambo, na kama mlikutana siku zile, huenda mimba imeshaingia. Kidonge hakiitoi. Na kama mzunguko wako hubadilikabadilika, tarehe unayoitegemea ni ya kukisia tu. Yai linaweza kuwa limechelewa na linatoka ndiyo kwanza. Mbegu za mwanamume nazo zinaweza kuishi ndani hadi siku 5.

Kuna wanaosema, mbona kuna vidonge vya uzazi wa mpango vya norethisteroni hiyohiyo, tena vya miligramu 0.35 tu, na vinazuia mimba? Vile vinamezwa kila siku, mwezi baada ya mwezi, bila kuruka. Ukubwa wa dozi unayoianzia mwishoni mwa mzunguko haukupi kinga hiyo. Aliye tayari kwenye vidonge vya uzazi wa mpango vya homoni mbili hana hata haja ya norethisteroni: wengi huelekezwa kuunganisha pakiti na pakiti bila zile siku za mapumziko, na kinga yao inaendelea.

Wifi yangu alimwambia mumewe, "Nipo kwenye dawa, tusiwe na wasiwasi." Akaanza kichefuchefu, matiti yakauma, tumbo likajaa, na yote akayaweka kwenye vidonge, kwa sababu kweli vidonge huleta hayo. Alipoviacha damu haikuja, akasema dawa bado iko mwilini. Nilikaa naye pale alipopima, kistari cha pili kikajitokeza hafifu sana, tukakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Hafifu au la, kilikuwepo. Hapo ndipo vidonge hivi vinaponitisha: vinakuondolea ile dalili ambayo sisi wote huitegemea, ya kukosa siku zako, halafu vinakupa dalili nyingine zinazofanana na za mimba.

Kwa kawaida damu huja siku 2 au 3 baada ya kidonge cha mwisho, na inaweza kuwa nzito kuliko ulivyozoea. Wewe umeshaipita hiyo, kwa hiyo pima kesho kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kikionyesha hakuna mimba na damu bado haiji, rudia baada ya wiki moja. Kipimo kilichofanywa wiki 3 baada ya mara ya mwisho mliyokutana bila kinga ndicho cha kuamini. Kama mara hiyo iko ndani ya siku 5 zilizopita, usisubiri, nenda leo uulizie kidonge cha dharura au kitanzi cha shaba. Mwambie mhudumu kwamba umetoka kumeza norethisteroni, maana kidonge kimoja cha dharura, ulipristali, hupungua nguvu kikikutana na homoni za namna hiyo.

Ikionekana mimba ipo, usimeze tena hata kimoja, na kliniki uwatajie ulichotumia na tarehe zake. Maumivu makali ya tumbo upande mmoja, kuzimia, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana: hayo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.