Taa inawaka tu, haizimi: kujifunza asembli ukiwa na Arduino

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya umeme, na nyumbani ni Busia, upande wetu wa Uganda. Chuoni tunafundishwa asembli, lugha ya amri za chipu zenyewe, kwa chipu ya 8051 ubaoni, lakini bodi niliyo nayo ni Arduino Uno, ile ya kuigiza, niliyoagiza Kampala ikaletwa na basi. Nimeandika asembli ya kuwasha na kuzima taa ndogo iliyo kwenye bodi. Programu inapita bila kosa, inapakiwa vizuri, ila taa inawaka tu, haizimi. Hii hapa:

        sbi  0x04, 5
anza:   sbi  0x03, 5
        ldi  r18, 255
subiri: dec  r18
        brne subiri
        rjmp anza

Kosa liko wapi? Na je, nishike 8051 au nihamie hii ya Arduino? Lengo langu ni mashine ya kutotolea vifaranga, na rafiki yangu ananiambia ili iwe ya uhakika niiandike yote kwa asembli.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Taa yako inazima. Inawaka na kuzima zaidi ya mara elfu kumi kwa sekunde, na jicho la binadamu haliwezi kufuata kasi hiyo. Iangalie tena ukiwa gizani: mwanga wake umefifia kidogo kuliko ukiiwasha moja kwa moja, kwa sababu nusu ya muda huwa imezimwa. Programu yako haina kosa la lugha. Ina kosa la hesabu ya muda, na hilo ndilo somo la kwanza la asembli.

Tuhesabu pamoja. Bodi ya Uno inatumia chipu ya ATmega328P inayokwenda kwa megahezi 16, yaani mpigo mmoja wa saa yake ni sekunde moja gawanya kwa milioni 16. Amri ya dec, inayopunguza moja, inakula mpigo 1. Amri ya brne, inayoruka kama jibu bado si sifuri, inakula mipigo 2 ikiruka kurudi nyuma, na mpigo 1 inapoacha kuruka. Kwa hiyo kila duru ya kitanzi chako ni mipigo 3, isipokuwa ya mwisho ambayo ni 2. Duru 254 mara 3, jumlisha 2, ni mipigo 764. Ongeza 1 wa ldi (inayoweka 255 kwenye r18), 2 za rjmp (inayorudi anza) na 2 za sbi (inayoweka biti iwe 1), unapata 769. Gawanya kwa milioni 16: mikrosekunde 48 hivi. Huo ndio muda taa inaokaa katika hali moja kabla ya kugeuka. Tuseme ulitaka nusu sekunde: umepata chini ya moja ya elfu kumi yake.

Rejista, yaani kisanduku cha namba ndani ya chipu kama r18, ina biti 8, haiwezi kuhesabu zaidi ya duru 256. Dawa ni kupanga vitanzi, kimoja ndani ya kingine. Ondoa mstari wa ldi r18 pamoja na kitanzi chake, weka hivi:

        ldi  r20, 41
subiri: dec  r18
        brne subiri
        dec  r19
        brne subiri
        dec  r20
        brne subiri

Utauliza mbona r18 na r19 hazijapewa thamani. Zikimaliza duru zinabaki na sifuri, na ukipunguza moja kutoka sifuri rejista inazunguka hadi 255, kwa hiyo kila safari zinahesabu duru 256 kamili. Mara ya kwanza kabisa baada ya kuwasha zinaweza kuwa na takataka yoyote, na kwa taa tu haidhuru. Fanya hesabu mwenyewe kwa kalamu: kitanzi cha ndani ni mipigo 767, cha kati kinakufikisha 197,119, na cha nje, ukikizungusha mara 41, kinatoa mipigo 8,082,001. Hiyo ni nusu sekunde na ushee kidogo. Usipofanya hesabu hii kwa mkono walau mara moja, hujaanza asembli, hata ukitazama video kiasi gani.

Umefanya jambo moja zuri, pengine bila kujua. Anwani 0x03 ni PINB, ambayo kwa kawaida ni ya kusoma hali ya pini. Katika chipu hii, ukiandika 1 kwenye biti yake, pini inageuka: iliyowaka inazima, iliyozima inawaka. Ndiyo maana hukuhitaji mistari miwili ya kuwasha na kuzima. Nayo 0x04 ni DDRB, inayoamua kama pini ni ya kuingiza au kutoa, na biti ya 5 ndiyo ile pini 13 iliyoandikwa kwenye bodi.

Ukifungua datashiti, yaani kitabu cha maelezo ya chipu, utakuta kila rejista ya aina hii ina anwani mbili, kwa mfano PORTB ni 0x05 na kando yake, kwenye mabano, 0x25. Wanafunzi wengi hukwama hapo siku nzima. Ndogo ni ya amri za sbi, cbi, in na out. Kubwa ni ya lds na sts. Ukizichanganya, asembla (programu inayogeuza asembli kuwa msimbo wa chipu) mara nyingi haikulalamikii. Inaandika mahali pengine kimyakimya. Jingine litakalokusumbua wiki hii: ldi inakubali r16 hadi r31 tu. Ukiandika ldi r5 asembla itakataa, na si kosa la kompyuta yako. Pitisha namba kwenye r16 kwanza, halafu uinakili kwa mov.

Kuhusu 8051, usiidharau. Intel waliitoa mwaka 1980 na bado inafundishwa kwa sababu ni ndogo, inaenea ubaoni. Hesabu yake ya muda ni nyepesi zaidi: katika 8051 ya asili mzunguko mmoja wa mashine ni mipigo 12 ya saa, kwa hiyo ukiweka kristali ya megahezi 12 kila mzunguko ni mikrosekunde moja kamili. Amri yake ya DJNZ inapunguza na kuruka kwa pamoja, kazi ambayo wewe umeifanya kwa dec na brne. Mtihani ufanye kwa 8051, ila mikono yako iishi kwenye AVR, familia ya chipu ya Uno yako, maana ndiyo uliyo nayo mezani. Chipu unayoweza kuiunguza mwenyewe inafundisha kuliko chipu ya kwenye daftari. Tofauti kubwa utakayoihisi ni kwamba 8051 hupitisha karibu kila hesabu kwenye rejista A, wakati AVR ina rejista 32 na nyingi unaweza kuzitumia utakavyo.

Amri za ATmega328P ni 131. Usizikariri. Kama ishirini hivi zitakubeba miezi kadhaa: ldi, mov, in, out, sbi, cbi, sbic, sbis, add, sub, inc, dec, cp, cpi, breq, brne, rjmp, rcall, ret, push, pop. Pakua datashiti ya chipu na kitabu cha amri za AVR, vyote viko bure kwenye tovuti ya Microchip, kampuni iliyoinunua Atmel mwaka 2016. Pakua mara moja ukiwa na bando, weka kwenye simu, kisha soma bila intaneti. Jihadhari na mafunzo ya zamani ya ATmega8 au ATmega16: yanaanza na mistari ya kuelekeza steki (sehemu ya RAM ambako chipu huweka anwani za kurudi) kwenye RAMEND, yaani mwisho wa RAM, kwa sababu chipu zile zikiwashwa kielekezi cha steki huwa sifuri. Ya kwako inajiweka yenyewe. Mistari hiyo haina madhara, ila ujue kwa nini iko pale.

Sasa rafiki yako. Hapana, usiandike mashine ya vifaranga yote kwa asembli. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21, na joto la sanduku hubadilika kwa sekunde na dakika, si kwa mikrosekunde. Hakuna cha kukimbizana nacho. Tena utahitaji kugawanya na kushughulika na desimali, na AVR haina kabisa amri ya kugawanya. Utaandika kurasa za asembli kwa kazi ambayo lugha ya C inaimaliza kwa mstari mmoja, na uhakika hautaongezeka. Utapungua, maana mistari mingi ina maficho mengi ya makosa.

Faida ya asembli kwa mashine hiyo iko kwingine. Andika kwa C, kisha fungua matokeo kwa programu ya avr-objdump -d usome kompaila (inayogeuza C kuwa amri za chipu) imefanya nini. Utaona PORTB |= (1<<5) imegeuka sbi moja ya mipigo 2, wakati digitalWrite ya Arduino inazunguka kwa makumi ya mipigo kufanya jambo lile lile. Utaona pia kwamba kitanzi kitupu cha kusubiri, ukikiandika kwa C bila neno volatile linaloizuia kompaila kukigusa, kompaila imekifuta chote. Mtu asiyesoma asembli hulaani bodi hapo.

Na kuna umeme wetu. Ukikatika na kurudi, C huwa imekuandalia msimbo wa kuanzia unaosafisha vigeu kabla ya main. Katika asembli hakuna anayekusafishia: rejista na RAM zinabaki na chochote kilichokuwamo. Siku ya kutotoa uliyofikia iandike kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, kisha washa ulinzi wa volteji kushuka, ambao katika chipu hii unawekwa kwenye volti 1.8, 2.7 au 4.3. Kwa mashine ya volti 5 na megahezi 16 mimi ningechagua 4.3. Volteji ikishuka polepole bila ulinzi huo, chipu inaweza kutekeleza amri kimakosa na kuharibu hata hiyo EEPROM.

Zoezi lako: badilisha 41 iwe namba itakayokupa robo sekunde, uhesabu kwanza, ndipo upakie. Kisha weka kitanzi hicho ndani ya kijiprogramu cha kuitwa kwa rcall na kurudi kwa ret, na hesabu zile mipigo 3 na 4 zinazoongezeka. Ukihamia bodi ya Nano ya kuigiza na avrdude, programu ya kupakia, ikagoma kuelewana nayo, jaribu kasi ya mawasiliano ya 57600 badala ya 115200 kabla hujairudisha dukani.