Msizime Runinga Pogačar Akichomoka

Jumapili ya mwisho ya Aprili 2025 tulikuwa watu saba kwenye sebule moja huko Kinoo, nje kidogo ya Nairobi, baiskeli zimeegemezwa ukutani nje, chai ipo, mandazi yapo. Tulikuwa tukitazama Liège–Bastogne–Liège, mbio za baiskeli za Ubelgiji zilizoanza mwaka 1892. Kati ya mbio kubwa za siku moja hakuna kongwe kuzishinda, ndiyo maana wenyewe huziita La Doyenne, kama sisi tunavyosema Bi Mkubwa. Ni zaidi ya kilomita 250 za kupanda na kushuka vilima vya Ardennes. Zilipobaki kama kilomita 35, msafara ukaingia mlima wa La Redoute, Tadej Pogačar, yule Mslovenia, akakaza pedeli, akaenda zake.

Mwenzetu mmoja akachukua rimoti hapo hapo. "Imeisha hiyo. Weka mpira." Hakuna aliyempinga, hata mimi. Jioni yote tukashinda tukibishana kwenye grupu la WhatsApp kama Pogačar, kwa kushinda peke yake hivyo, anaua mchezo au anaukuza.

Kesho yake nikiwa kwenye matatu ndipo nikasoma kwamba siku hiyo hiyo, kwenye mbio za wanawake, Kim Le Court wa Mauritius aliwashinda wenzake watatu mstarini pale Liège, akamwacha Puck Pieterse wa pili na Demi Vollering wa tatu. Mwafrika wa kwanza kushinda mojawapo ya mbio tano kuu za siku moja, zinazoitwa Monuments. Sisi wapenzi wa baiskeli, Waafrika, watu saba na runinga mbele yetu, hatukumwona. Iliniuma sana, na bado inaniuma. Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyotazama mbio za milima, na kama wewe pia huwa unazima mapema, nakuomba unisikilize.

La kwanza, panda mlima wewe mwenyewe asubuhi ya siku ya mbio. Sisemi uende mwendo wa mashindano. Toka Kiserian, panda hadi Kona Baridi, teremka kidogo upande wa Bonde la Ufa, halafu geuza urudi juu. Hapo kwenye kurudi ndipo utaelewa kila kitu utakachokiona jioni. Kwenye tambarare, ukijificha nyuma ya mgongo wa mwenzako, upepo unamla yeye na wewe unapumzika. Mkianza kupanda mwendo unashuka, upepo unakuwa kitu kidogo, na ule mgongo haukusaidii tena. Kila mtu anabeba uzito wake na pumzi yake. Aliye na nguvu anaondoka, na wewe unamwona akiondoka, mita tano, mita kumi, huku mapaja yanakataa. La Redoute una mwinuko wa karibu asilimia 9 kwa wastani, na wenzetu wale wanaufikia wakiwa wameshakanyaga zaidi ya kilomita 200. Ukishapanda Kona Baridi na gia yako ya mwisho, ukaona jinsi mita ishirini zinavyogeuka kuwa nusu kilomita, hutasema tena kwamba walioachwa "wamelala". Mimi nilikuwa nikisema hivyo. Sisemi tena.

Aprili ni mvua za masika, najua. Vaa koti, washa taa ya nyuma, na uwe macho na malori kwenye mteremko. Mwaka 1980 Mfaransa Bernard Hinault alishinda mbio hizi kwenye theluji kwa zaidi ya dakika tisa. Walioanza walikuwa 174, waliomaliza 21, na vidole vyake viwili havikupona kabisa. Baridi ya Limuru mwezi wa Julai haifiki hata karibu.

La pili, wengi hufungua runinga wakiwa wamechelewa. Pigano la La Redoute huanza kilomita kadhaa kabla ya mlima, timu zinaposukumana kumweka kapteni wao mbele, maana barabara ni nyembamba na aliye wa arobaini pale chini hana tena cha kufanya. Tazama ni nani wako kumi wa mbele. Mara nyingi jibu la mbio liko pale.

Akishachomoka aliyechomoka, usimtazame yeye sana. Tazama nyuma. Ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Wanaofukuza wana shida ambayo sisi wa Nairobi tunaijua vizuri kwenye harambee: kila mmoja anangoja mwingine atoe kwanza. Anayevuta anawabeba wengine mgongoni, halafu mwishoni wanampita. Siku ile tuliyozima runinga, Giulio Ciccone na Ben Healy walijitoa kwenye kundi hilo, wakaenda wawili wakigombea nafasi ya pili hadi mstarini, Ciccone akaipata. Nilikuja kuyatazama siku mbili baadaye kwenye simu, na kwangu zilikuwa mbio kamili, zenye hofu na hesabu zote.

Na neno moja kuhusu tunayoandika kwenye magrupu. Mtu akishinda kwa mbali, haipiti dakika tano kabla ya mwenzetu kuandika kwamba anatumia dawa. Kama huna ushahidi, usiandike. Kuchoshwa na ushindi wa mtu ni haki yako, hata mimi nimechoka mara nyingine. Kumchafulia jina si haki yako. Pogačar huyu huyu mwaka 2023 alianguka kwenye mbio hizi akavunjika mkono, Remco Evenepoel akashinda. Na mwaka 2020 Julian Alaphilippe aliinua mikono kushangilia kabla ya mstari, Primož Roglič akaisukuma baiskeli yake mbele na kumnyang'anya ushindi. Aliyekuwa amezima pale kwa sababu "imeisha" alikosa kitu ambacho watu watakisimulia miaka mingi.

Septemba 2025 nilipanda basi hadi Kigali kwa mashindano ya dunia. Pogačar aliondoka peke yake mapema kuliko hata Liège, akashinda, Evenepoel wa pili na Healy wa tatu. Nilikuwa nimesimama kando ya mlima wa mawe wa Kimihurura. Hakuna mtazamaji aliyeondoka. Kina mama walikuwa wamebeba watoto mgongoni, vijana wamepanda juu ya kuta, na kelele ilikuwa ile ile kwa wa kwanza na kwa aliyekuja nyuma sana, uso umejaa chumvi. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Mama aliyekuwa karibu nami hakujua jina la hata mmoja, na alimpigia makofi kila mmoja hadi sauti ikamkauka.

Kwa hiyo Aprili ikifika tunakutana Kiserian saa kumi na mbili asubuhi. Ubelgiji iko saa moja nyuma yetu msimu huo, na mbio za wanaume humalizika kwetu mwendo wa saa kumi na moja jioni. Angalieni ratiba ya wanawake siku moja kabla, nunueni bando mapema kama hamna runinga. Sebule ya Kinoo iko wazi, na safari hii mbio za Kim Le Court tunazitazama kuanzia mwanzo.