Maswali na Majibu: Moshi, Kunguru na Kompyuta

Sina laptopu, nina simu tu. Naweza kuanza kuchora kwa kuandika programu? (Kisauni)

Waweza. Anza na p5.js, maktaba (mkusanyiko wa amri zilizo tayari) ya lugha ya programu ya JavaScript, aliyoianzisha Lauren McCarthy mwaka 2013. Ni ya bure na hufanya kazi ndani ya kivinjari. Kuandika mabano kwa kidole gumba kunachosha, sikufichi. Michoro mirefu iwekee siku ya kwenda saiba.

Shikamoo mwalimu. Nataka kuigiza moshi wa feri, lakini chembe zangu, yaani vidoa vinavyouunda, zinatapakaa kama nzi. Tatizo ni nini? (Likoni)

Marahaba. Naona umezipa chembe mahali, hukuzipa umri. William Reeves, mtaalamu wa michoro ya kompyuta, alieleza mbinu hii ya chembe mwaka 1983, baada ya kuitumia kutengeneza ukuta wa moto katika filamu ya Star Trek II. Kila chembe ilikuwa na mahali, kasi, rangi, ukubwa na muda wake wa kuishi. Ikizeeka inafutwa, nyingine inazaliwa.

Kwa kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zinazofuatana kwenye skrini, ongeza nguvu kama ya upepo kwenye kasi, halafu kasi kwenye mahali. Ukubwa na wepesi wa rangi vifuate umri: moshi hutoka bombani mzito na mwembamba, kisha hupanuka ukififia. Kumbuka pia kwamba kwenye p5.js namba za wima huongezeka kwenda chini, kwa hiyo moshi unaopanda una kasi hasi. Wengi huzama hapo.

Sasa hao nzi. Wanaletwa na kuipa kila chembe namba yake ya bahati nasibu kila fremu. Upepo hauvumi hivyo. Chembe zilizo jirani husukumwa karibu sawa. Tumia amri ya noise, inayotokana na kazi ya Ken Perlin, naye mtaalamu wa michoro ya kompyuta, ambayo namba zake hubadilika taratibu kutoka mahali hadi mahali. Halafu amua ni msimu gani. Moshi wa Januari, wakati wa kaskazi, uinamishe kusini-magharibi. Wa Julai kusi itaupeleka kaskazini. Ukikosea hapo, mabaharia wa Likoni watakucheka.

Mwanangu hukesha akitoa picha za miraba, anasema kompyuta ndiyo inayochora. Hiyo nayo ni sanaa? (Tudor)

Ni sanaa, mama. Vera Molnár, mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Paris, alianza kuchora kwa kompyuta mwaka 1968, na miraba iliyopindishwa kidogo ni baadhi ya kazi zake mashuhuri. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 99. Mwambie mwanao akuonyeshe picha alizozikataa na akueleze sababu. Akiwa hana hata moja aliyoikataa, hapo ndipo pa kumbana. Na alale.

Nimetengeneza kundi la kunguru wa jioni kwa kanuni za kuigiza makundi za mtaalamu wa kompyuta Craig Reynolds: usigongane, fuata uelekeo wa jirani, usiachwe na kundi. Nikifika kunguru 3,000 simu inaganda. (Mji wa Kale)

Kila kunguru anawakagua wenzake wote, yaani ukaguzi karibu milioni 9 kwa fremu moja. Gawa skrini kwa vyumba vyenye upana sawa na umbali anaoona kunguru mmoja. Kila fremu wapange upya vyumbani, na kila mmoja akague chumba chake na vile 8 vinavyokizunguka tu. Wote wakirundikana pamoja, simu itaganda tena. Basi ongeza nguvu ya kutogongana, au ridhika na kunguru 800.