Ameshuka Gredi ya 4, sasa tuache Kiswahili nyumbani?

Swali: Mwalimu, kijana wangu yuko Gredi ya 4 katika shule ya umma hapa Kisauni. Hadi Gredi ya 3 ripoti zake zilikuwa "kufikia matarajio", mara nyingine "kuzidisha". Muhula huu Sayansi na Masomo ya Jamii zimeandikwa "mbali na matarajio". Mwalimu wa tuisheni wa mtaani aniambia Kiswahili ndicho kinachomvuta nyuma, tusikiongee tena nyumbani, na nimpeleke kwake siku tano kwa wiki, saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Anasema pia nimtoe madrasa apate nafasi, la sivyo arudie Gredi ya 3. Nifuate? (Mama, Kisauni)

Jibu: Mama, barua yako ningeweza kuimalizia mwenyewe baada ya mstari wa pili. Kila mwaka wazazi wa Gredi ya 4 hunijia na ripoti mkononi na neno lilelile: "Lakini alikuwa vizuri." Alikuwa vizuri kweli, na akili aliyokuwa nayo Novemba hajaipoteza Januari. Hadi Gredi ya 3 sera inataka mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali shule ilipo, na kwetu Mombasa hiyo ni Kiswahili. Akiingia ya 4, Sayansi, Masomo ya Jamii, Kilimo na Hisabati zote ziko kwa Kiingereza, na vitabu vimenenepa. Mwaka jana alikueleza vizuri jinsi mmea unavyofyonza maji kwa mizizi. Mwaka huu anaulizwa jambo lilelile, hajui "mzizi" waitwaje, anaacha pengo kwenye karatasi, nawe unaambiwa sayansi imemshinda.

La kurudia darasa nalimaliza upesi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mwanafunzi kuzuiliwa asipande darasa. Hata ingeruhusu, kurudi Gredi ya 3 ni kurudi kwenye lugha anayoiweza tayari.

Linalonichoma ni hili la kufukuza Kiswahili nyumbani. Nimelisikia Likoni, nimelisikia Changamwe, nimelisikia Tudor kwa watu waliosoma wakahitimu. Wanaolisema hawajawahi kukaa na mtoto wakamsikiliza akisoma. Kujua kwamba herufi hubeba sauti, na sauti zikiungana huzaa neno, ni kazi inayofanywa mara moja tu. Mtoto akiipata katika lugha moja anahama nayo. Kwa Kiswahili anaipata haraka kwa sababu "ba" ni "ba" popote utakapoikuta. Kiingereza kina vitimbi: neno lao la kisu huanza kwa K ambayo hakuna anayeitamka! Umuanzishe huko mtoto ambaye bado anababaisha silabi, halafu umlaumu kwa nini hasomi?

Kisha tazama nyumba yenyewe. Mzazi ambaye Kiingereza chake ni cha kuungaunga akiamriwa asiseme kingine, mazungumzo yanakauka. Zinabaki amri: njoo, kula, lala. Vitendawili vya bibi vimekwenda, na zile "kwa nini" za mezani, mahamri na mbaazi zikiliwa, hakuna tena wa kuzijibu. Hupata watoto wa namna hii mbele yangu, wa miaka tisa au kumi, ambao hawana neno la kufyonza kwa lugha yoyote. Huyo ndiye wa kumhofia. Mwenye neno kwa Kiswahili nitampa la Kiingereza kwa siku moja.

Sasa kabla hujamlipa mtu, mpime mwenyewe Jumamosi asubuhi, akiwa ameshiba. Tafuta hadithi ya Kiswahili ya kitabu cha Gredi ya 2 ambayo hajaikariri. Asome kwa sauti dakika moja, hesabu maneno aliyoyapatia, kisha funga kitabu umuulize kumetokea nini. Programu ya kufundisha kusoma ya Tusome, iliyoanza katika shule za umma 2015, ilitumia kipimo cha maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Usishangae Kiswahili kuwa chini. "Hawakutuambia" ni neno moja kwetu, kwao ni matano. Halafu asome ukurasa wa Kiingereza wa kiwango hichohicho. Mwisho chukua ukurasa wa kitabu chake cha Sayansi, umsomee wewe polepole, naye akueleze kwa Kiswahili alichoelewa.

Akisoma Kiswahili vizuri na akwame kwenye Kiingereza, amekosa msamiati tu. Mwombe mwalimu wa darasa maneno ya mada ya wiki ijayo, kumi au kumi na mbili, myazungumze kwa Kiswahili kwanza, kisha ayajue kwa Kiingereza. Dakika ishirini kwa siku zatosha. Akibabaisha hata Kiswahili, hapo kuna jambo, na tuisheni haitalifikia. Apimwe macho. Apimwe masikio pia, hasa kama amewahi kutokwa usaha. Pwani tunalipuuza sana hilo. Yakiwa salama, mwombe mwalimu mkuu akuelekeze kwenye kituo cha serikali cha tathmini ya elimu, EARC, maana huenda ni disleksia, yaani tatizo la kujifunza kusoma lisilotokana na upungufu wa akili. Vituo hivi vipo nchini tangu 1984 na wazazi bado huvifikia wakiwa wameshamaliza pesa kwingine.

Na madrasa asitolewe. Mfungulie ukurasa wa msahafu asioujua. Akisoma kwa kufuata irabu, bila kukisia, basi jicho na akili vinashirikiana vizuri. Mtoto anayesoma hati mbili ameshindwaje na silabi?

Huyo mwalimu wenu wa jioni sina ugomvi naye binafsi. Lakini amejuaje ugonjwa bila kumsikiliza mgonjwa? Mtoto ametoka shule, ametoka madrasa, saa kumi na mbili anakalishwa kwenye chumba cha joto na wenzake thelathini wakinakili majibu ubaoni. Wengine sasa wanauza "Kiingereza kwa wiki sita". Kuna na wa sharubati ya kuongeza akili, chupa ina picha ya mtoto amevaa joho, na nimeona akina mama wakiinunua kwa hela ya chakula. Wote hula kwenye hofu ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023. Tathmini ya sasa ya Gredi ya 6, KPSEA, haimzuii mtoto yeyote kwenda ya 7.

Likizo ikikaribia mtaona mabango ya tuisheni yakibandikwa kwenye nguzo za stima. Sheria niliyoitaja imepiga marufuku tuisheni za likizo, na wenye mabango wanajua. Yeyote atakayekupigia simu, muulize atampima mtoto kwa njia gani kabla ya kuanza. Akianza kwa kukutajia bei, kata simu.